Nyumba iko Udon Thani, mwenyewe amefungiwa nje: wastaafu wa kigeni Tailandi mwaka 2020

Wenzangu, hadithi ya viza tumezoea kuisikia upande moja tu: kijana wa kwetu anapanga mustari mbele ya ambasade, dosie mkononi, anarudi nyumbani bila kitu. Leo naleta hadithi ya upande mwingine. Wazee wa Ulaya, Marekani na Australia, wenye pasipoti zile tunazoziota usiku, wenye pesa banki na nyumba imeisha kujengwa, walifungiwa mlango na serikali ya Tailandi mwaka 2020 kwa miezi mingi. Najua kuna watakaocheka: "Acha nao waonje." Kicheko hicho nakielewa, lakini kinapita pembeni, juu jambo lenyewe si uzungu wala utajiri. Ni swali la karatasi. Mtu akiishi mahali miaka kumi na tano kwa ruhusa ya mwaka moja moja, siku ya hatari anahesabiwa kuwa wa pale, ao mgeni?

Tuanze na sheria, maana njo iliyotega mtego. Sheria ya uhamiaji ya Tailandi ni ya mwaka 1979. Chini yake mstaafu wa kigeni si mkaaji. Ni mgeni wa muda anayeongezewa siku. Awe na miaka 50 ao zaidi. Aweke banki baht 800,000 (mwaka 2020 ilikuwa karibu dola 25,000), ao aonyeshe mapato ya baht 65,000 kila mwezi. Kila mwaka anaenda mwenyewe kwenye ofisi ya uhamiaji kuomba mwaka mwingine. Kila siku 90 anatangaza anapoishi, hata kama hajahama. Na akitaka kutoka nchini hata wiki moja, kwenda kuzika ndugu ao kuona wajukuu, lazima anunue kwanza ruhusa ya kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila karatasi hiyo, ruhusa yako ya mwaka inakufa siku ile ile.

Makao ya kudumu yapo, lakini mgao wake ni watu 100 kwa mwaka kwa kila taifa, na masharti yake yanamwangalia zaidi mwenye kazi, mwekezaji ao mwenye familia ya Kitai. Mstaafu wa kawaida habishi hodi pale.

Kitu kimoja kilinishangaza nilipokuwa nasoma masharti haya. Wageni walioingia kabla ya tarehe 21 Oktoba 1998, na ambao hawakukatisha hata mara moja kuongeza ruhusa yao, wanaendelea na kiwango cha zamani: mwenye miaka 60 anaombwa baht 200,000 tu banki. Maana yake serikali ile inajua vizuri kutofautisha mtu wa zamani na mtu wa jana, ikipenda. Mwaka 2020 haikupenda.

Mimi ni mtu wa kilimo, jicho langu linakimbilia udongo. Tailandi mgeni hawezi kuwa mwenye udongo. Nyumba inaweza kuwa yake, kiwanja hapana. Isan, ule upande wa kaskazini-mashariki wenye mashamba mingi ya mpunga, Udon Thani, Khon Kaen na vijiji vyake, wageni wengi wamejenga juu ya kiwanja kilichoandikwa jina la mke ao la mwanamke wanayeishi naye. Sisi tuliosoma sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 hatushangai sana: kwetu udongo ni wa Leta, konsesio ya kudumu ni ya Mkongomani peke yake, na mgeni anapewa ya muda, kama ile amfiteozi ya miaka 25 inayoweza kuongezwa. Lakini huyo wa kwetu ana miaka 25 mbele yake. Mzee wa Udon Thani amejenga nyumba ya matofali juu ya ruhusa ya miezi 12. Ni kama mti ulioachwa kukomaa ndani ya sashe ya pepinieri: una majani, unaleta matunda, lakini mtu akitaka anauinua tu na kuuondoa.

Bon, tufike 2020. Tarehe 13 Januari Tailandi ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona kuonekana nje ya China. Tarehe 26 Machi hali ya dharura ya waziri mkuu Prayut Chan-o-cha ikaanza, na wageni wakazuiwa kuingia isipokuwa makundi machache. Tarehe 4 Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na katazo likasogezwa mpaka mwisho wa Juni. Aliyekuwa ameenda Ulaya mwezi wa pili kwa wiki tatu, akabaki kule. Nguo zake, dawa zake, mbwa wake, mtu wake, vyote viko Tailandi.

Mpaka hapo sina lawama. Kila nchi ilifunga. Sisi wa mpakani hatuhitaji kufundishwa: Rwanda ilifunga mipaka tarehe 21 Machi, Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura tarehe 24, na kati ya Goma na Gisenyi, kati ya Bukavu na Kamembe, watu waliokuwa wanalala upande huu na kutafuta chakula upande ule wakajikuta wamekatwa katikati.

Lawama yangu inaanza tarehe 1 Julai 2020, siku Tailandi ilipofungua kidogo. Ilitoa orodha. Waliruhusiwa waume, wake, wazazi na watoto wa Watai, wenye makao ya kudumu, wenye kibali cha kazi, wanafunzi, hata wagonjwa wanaokuja kutibiwa magonjwa mengine. Mstaafu hakuwamo. Mwalimu wa Kiingereza aliyefika mwaka jana yake anaingia juu ana kibali cha kazi. Mzee aliyelipa umeme, soko na hospitali pale miaka kumi na tano anangoja.

Angalia vile orodha hiyo ilivyokata ndani ya familia. Mstaafu mwenye mke wa Kitai aliweza kuomba kupitia mke, kama ndoa imeandikwa kwenye ofisi ya wilaya. Isan harusi nyingi zinafanyika kijijini, watawa wanabariki, wazee wanafunga nyuzi nyeupe kwenye mikono ya bibi na bwana, mahari inatolewa mbele ya watu. Kijiji kizima kinajua hawa ni mtu na mke wake. Kwa Leta, kama hawakwenda kuandikisha, hawajaoana. Hapa tena hakuna Mkongomani anayehitaji maelezo. Tunajua ndoa ngapi za mila zinangoja eta sivil mpaka siku mmoja anakufa na shida ya mirazi inaingia. Kule shida iliingia bila mtu kufa.

Halafu kuna saa. Karatasi ya kurudi haina uhai wake yenyewe: inaisha siku ile ile ruhusa ya mwaka inapoisha. Aliyekuwa na ruhusa mpaka Agosti, na mlango haujafunguka Agosti, alipoteza yote. Hangeweza kuongeza akiwa nje, maana lazima aende mwenyewe. Pesa zake zimelala banki ya Tailandi kama sheria inavyodai, mwenye pesa hawezi kuzifikia ofisi. Ilibidi aanze upya kama mtu asiyejulikana. Na kuanza upya kwa viza ya mstaafu kutoka nje kulikuwa kumekazwa tayari tangu tarehe 31 Oktoba 2019, pale serikali ilipodai asiransi ya afya ya baht 400,000 kwa kulazwa na 40,000 kwa matibabu ya bila kulazwa. Juu ya hiyo, korona ikaleta masharti yake: cheti cha kuingia kutoka ambasade, kipimo cha ndani ya saa 72, asiransi ya dola 100,000, karantini ya siku 14 kwenye hoteli kwa pesa yako. Mzee wa miaka 78 kupata kampuni ya asiransi inayomkubali, hiyo ni safari nyingine.

Wakati huo huo, mgeni aliyekutwa ndani alihurumiwa. Hata mtalii ambaye viza yake iliisha tarehe 27 Machi aliachwa akae bila faini mpaka 31 Julai, kisha mpaka 26 Septemba, kisha njia nyingine ikafunguliwa ya kuongeza mpaka mwisho wa Oktoba. Huruma hiyo ilikuwa nzuri, nasema bila kejeli. Ila inaonyesha kitu: kilichohesabiwa ni mwili wako ulikuwa wapi siku mlango ulipofungwa. Maisha yako yalikuwa wapi, hakuna aliyeuliza.

Tarehe 15 Septemba baraza la mawaziri likakubali viza mpya ya utalii, siku 90, inayoongezwa mara mbili, jumla siku 270. Tarehe 20 Oktoba kundi la kwanza likashuka Bangkok: watalii 39 kutoka Shanghai. Kumbe iliwezekana. Mtalii anafanya karantini siku 14, mstaafu pia angefanya siku 14 zile zile, hoteli zile zile. Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ndogo: Tailandi ilifikisha siku 100 bila maambukizi ya ndani mwanzoni mwa Septemba, na serikali yoyote ingeogopa kuharibu kazi hiyo. Lakini aliyelinda siku hizo 100 ni karantini. Virusi haisomi jina la viza. Mlango wa wastaafu ulianza kufunguka kidogo kidogo mwisho wa mwaka huo, wakati watalii wapya walikuwa wameisha kutafutiwa njia yao.

Kwenye sheria za kimataifa swali hili lipo tangu zamani. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, kifungu cha 12, unakataza kumnyima mtu kiholela haki ya kuingia "nchi yake mwenyewe". Hausemi "nchi ya uraia wake". Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba maneno hayo ni mapana kuliko uraia, na yanaweza kuwagusa hata wakaaji wa muda mrefu wenye mafungamano ya karibu na ya kudumu na nchi. Zaire iliingia mkataba huo 1976, Tailandi 1996. Mimi si mwanasheria, na naona kwamba mzee mwenye pasipoti ya Uswisi na nyumba Chiang Mai angepata shida kushinda kwa kifungu hicho, maana Uswisi haikumfunga mlango. Lakini yule aliyeuza kila kitu kwao miaka ishirini nyuma, asiye na chumba wala jirani kule, "nchi yake mwenyewe" ni ipi?

Malesia ilifanya yake pia. Ilikuwa na mpango wa kuita wageni waifanye makao yao ya pili tangu 2002, viza ya miaka kumi, na bado wenye viza hiyo waliokuwa nje Machi 2020 walizuiwa mwanzoni, kisha wakaanza kuombea ruhusa ya kurudi nyumbani kwao. Mwaka 2021 masharti yakapandishwa: mapato ya mwezi kutoka ringgit 10,000 mpaka 40,000. Kelele zilipigwa, Sultani wa Johor naye akasema wazi kwamba hakufurahi, na waliokuwamo tayari wakaondolewa sehemu kubwa ya mzigo huo.

Tailandi ilifuta ruhusa ya kujiandikisha kabla ya kuingia tarehe 1 Julai 2022. Miezi miwili baadaye, Septemba, ikatoa viza mpya ya miaka kumi, na kati ya makundi yake iko moja la wastaafu matajiri: miaka 50 na zaidi, mapato ya dola 80,000 kwa mwaka, ao nusu yake kwa mwenye kuwekeza dola 250,000 ndani ya nchi. Huyo anatangaza anapoishi mara moja kwa mwaka, na karatasi ya kurudi haimhusu. Yule wa baht 65,000 kwa mwezi angali anarudi ofisini kila mwaka, na kabla ya safari yoyote, hata ya matanga, analipa kwanza baht 1,000.