Nukta sita: namna vipofu walivyopata maandishi yao

Tukisikia habari ya chombo kilichotengenezwa kwa kusaidia mutoto kipofu katika masomo, tunasifu upesi moyo mwema wa yule aliyekitoa. Ni haki kumusifu. Lakini historia inatufundisha ya kuwa moyo mwema peke yake unaweza kupotea njia miaka mingi, kama yule anayetoa hakuuliza yule anayepokea. Tutazame mambo yaliyotokea Ufaransa kutoka mwaka 1784 hata mwaka 1854.

Mwaka 1771, katika soko la sikukuu kule Paris, Valentin Haüy aliona vipofu waliovikwa nguo za kuchekesha na kupigishwa vyombo vya muziki, kusudi watu wawacheke. Jambo lile lilimuchoma moyo. Mwaka 1784 alianza kufundisha kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka kwenye mulango wa kanisa. Mwaka 1785 shule yake ikawa tayari. Namna yake ilikuwa hii: karatasi yenye maji ilikandamizwa juu ya herufi kubwa, kusudi herufi zile ziinuke na kidole kizisikie. Ndizo herufi zile zile tunazozisoma kwa macho.

Watu walishangaa sana. Kwa mara ya kwanza shule nzima ilionyesha wazi ya kuwa kipofu anaweza kusoma. Lakini vitabu vile vilikuwa vikubwa, vizito, tena vichache. Kidole kilichelewa, maana kilipaswa kuzunguka kila herufi mbele ya kuijua. Na neno baya zaidi: kwa mwanafunzi, kuandika na kusoma tena maandishi yake mwenyewe kulikuwa kazi ngumu sana. Alisoma maneno ya wengine, lakini kutunza mawazo yake mwenyewe kwenye karatasi hakuweza vizuri.

Juu ya nini Haüy alichagua njia ile? Hakutaka vipofu watengwe na wengine. Aliwaza ya kuwa wenye kuona na wasioona wakiwa na maandishi mamoja, watakaa pamoja. Wazo lile lilikuwa zuri. Lakini lilipimwa kwa macho ya mwalimu; halikupimwa kwa kidole cha mwanafunzi.

Mwaka 1809, tarehe 4 ya mwezi wa kwanza, Louis Braille alizaliwa katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mutoto alipokuwa na miaka mitatu, alichezea chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, akajichoma jicho. Ugonjwa ukaingia hata jicho la pili, naye akapofuka kabisa. Padri wa parokia, Jacques Palluy, alimufundisha, kisha mutoto akasoma pamoja na watoto wengine wa kijiji. Mwaka 1819 akapokelewa katika shule ya vipofu ya Paris. Alikuwa na miaka kumi.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyekuwa askari zamani, alileta katika shule ile maandishi mapya: nukta zilizoinuka, hata 12 kwa alama moja. Kila alama ilionyesha sauti tu, wala haikufuata namna ya kuandika maneno sawasawa. Tena haikuwa na hesabu wala noti za muziki. Na alama yenyewe ilipita kidole kwa ukubwa. Braille alishika lililo jema, yaani nukta, akatengeneza lililopungua. Akapunguza nukta hata sita, kusudi ncha ya kidole iguse alama nzima mara moja. Nukta sita zinatoa alama 63: zinatosha kwa herufi, kwa hesabu, na kwa muziki. Alipokuwa na miaka 15 kazi ilikuwa karibu kutimia. Mwaka 1829 aliitoa katika kitabu, na ndani yake hata nyimbo za Kanisa za kilatini zilikuwa na alama zao. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu katika shule ile, akapiga kinanda katika makanisa ya Paris.

Je, wakubwa walifurahi? Wanafunzi walifurahi upesi, maana sasa waliandika na kusoma wenyewe. Lakini mwaka 1840 mukubwa mupya wa shule, Dufau, alizirudisha nyuma nukta, akapendelea herufi za kuinuka. Alisema nukta zinamutenga kipofu na wenye kuona. Wanafunzi hawakuziacha, waliendelea kuziandika kwa siri. Msaidizi wake, Joseph Guadet, aliona jambo hili na kumugeuza. Mwaka 1844, jumba jipya la shule lilipofunguliwa, nukta zilisifiwa na kuonyeshwa mbele ya watu wote. Braille alikufa mwaka 1852, na Ufaransa ikakubali maandishi yake rasmi mwaka 1854. Mwaka 1878 mukutano wa mataifa kule Paris uliyachagua.

Mutu atasema: Lakini hofu ya Dufau ilikuwa na maana, kutengwa ni hatari kweli. Ndiyo, ni hatari. Lakini angalia nani aliyeiponya. Mwaka 1839 Braille alitoa namna nyingine ya nukta zinazochora herufi za kawaida, kusudi kipofu aandikie wenye kuona. Kisha Pierre Foucault, naye kipofu wa shule ile, akatengeneza mashini ya kuziandika kwa upesi. Daraja lilijengwa na wale waliohitaji kulivuka.

Maneno haya hayakuisha. Leo kuna kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti, na vyombo vinavyoinua nukta chini ya vidole. Watu wengine wanasema: sauti inatosha, tuache nukta. Lakini mutoto anayesikiliza tu, atajuaje namna neno linavyoandikwa? Mapatano ya Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za walemavu, ambayo Kongo yetu iliyakubali mwaka 2015, yanataka shule zisaidie watoto kujifunza maandishi ya Braille. Basi siku mutoto kipofu atakapoletwa katika masomo ya parokia, tusichague chombo mbele yake. Tumupe kibao cha nukta mukononi, tumupe na mashini ya sauti kama iko, kisha tumuulize kila juma: kipi kinakusaidia kusoma, na kipi kinakusaidia kuandika? Na akijibu tofauti na tulivyofikiri, tufuate jibu lake.