Mashine Iliyowapa Kazi Wapiga Fidla

Mwezi Mei mwaka 1982, tawi la London ya kati la Chama cha Wanamuziki cha Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka vinanda vya umeme vya aina ya sintesaiza, pamoja na mashine za ngoma, vipigwe marufuku. Usicheke, msikilizaji. Waliopitisha hoja ile hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wanaolipa kodi ya nyumba kwa kupiga fidla, tarumbeta na ngoma, na walikuwa wamemwona Barry Manilow, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, akizunguka nchini mwao na vinanda vinavyotoa sauti ya orkesta, ilhali orkesta yenyewe haipo jukwaani. Mkate wao ulikuwa unaliwa mbele ya macho yao.

Hoja hiyo haikupata kuwa sera ya chama kizima, na vinanda viliendelea kuuzwa madukani kama kawaida. Miezi tisa kabla yake, yaani Agosti 1981, vijana wawili walikutana katika duka la vifaa vya umeme kwenye barabara ya King's Road mjini humo humo London. Mmoja, Neil Tennant, alikuwa amenunua kinanda kidogo cha Korg akawa anatafuta waya wa kukiunganishia. Mwingine, Chris Lowe, alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo. Wakaanza kuzungumza juu ya muziki wa kucheza, na mazungumzo hayo hayajakwisha hadi leo. Dunia inawafahamu kwa jina la Pet Shop Boys, jina walilolitoa kwa marafiki zao waliokuwa wakifanya kazi katika duka la kuuza wanyama wa kufugwa.

Ninawataja leo kwa sababu ya albamu yao Nonetheless, iliyotoka tarehe 26 Aprili 2024. Ni albamu yao ya 15 ya studio, na ilipanda hadi nafasi ya pili katika chati za Uingereza, Taylor Swift akiwa ameikalia ya kwanza. Wakati huo Tennant alikuwa na umri wa miaka 69 na Lowe 64. Lakini si umri wala chati ninavyotaka kuvizungumzia. Ukiitega sikio albamu hiyo utasikia kitu ambacho wale wajumbe wa mwaka 1982 wangekiona kama ndoto: orkesta. Fidla zinazopigwa na watu wenye mikono, walioitwa studio na wapiga kinanda wawili, wakalipwa.

Ilikuwaje?

Turudi nyuma. Tennant alikuwa mwandishi wa habari. Alifanya kazi katika jarida la Smash Hits, lililokuwa likisomwa sana na vijana wa Uingereza, na mwaka 1983 jarida hilo lilimtuma New York kumhoji Sting wa kundi la The Police. Sisi wa kazi hii tunajua maana ya safari ya kikazi. Tennant alifanya mahojiano, kisha akamtafuta mtu aliyemtaka kwa haja yake mwenyewe: Bobby Orlando, mtayarishaji wa muziki wa disko ambaye yeye na Lowe walikuwa wakiuhusudu. Orlando akakubali kuwarekodi. Moja ya nyimbo walizorekodi kwake iliitwa West End Girls. Ilitoka mwaka 1984, ikapendwa katika baadhi ya kumbi za disko za Marekani na ikafanya vizuri kidogo Ubelgiji na Ufaransa, lakini nyumbani kwao Uingereza haikuvuma. Mkataba na Orlando ukawa mgumu, na ili kujikomboa ilibidi wamwachie sehemu ya mapato yao ya baadaye.

Mwaka 1985 wakaurekodi upya wimbo huo huo na mtayarishaji mwingine, Stephen Hague. Huu ndio ambao wengi wetu tuliusikia. Unaanza kwa nyayo za watu na kelele za mtaani, kisha kinanda kinaingia polepole, na Tennant anazungumza badala ya kuimba, kama mtu anayesimulia habari za jiji. Januari 1986 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, na mwezi Mei Marekani pia.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo halina budi kuelezwa, maana ndiko ugomvi wote ulikolalia. Sintesaiza za mwanzo zilitengeneza sauti kwa umeme mtupu, na hata mtoto angeweza kusema kwamba ile si fidla. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 kikaja kinanda cha Marekani kilichoitwa Emulator. Hiki kiliweza kurekodi sauti halisi, iwe ya fidla, ya kwaya au ya mlango unaogongwa, kikaihifadhi kwenye diski. Kisha ukibonyeza kitufe sauti ile ile inatoka, juu au chini kufuatana na kitufe ulichokigusa. Chombo hicho kilitumika katika West End Girls. Kwa mpiga fidla hili lilikuwa baya kuliko lile la kwanza. Sintesaiza ilimwiga tu. Emulator ilimchukua sauti yake mwenyewe ikaipeleka kazini pasipo yeye.

Kwa hiyo hofu ya wale wanamuziki ilikuwa ya kweli, wala sikubaliani na wanaowakejeli siku hizi kana kwamba walikuwa wakipinga mvua isinyeshe. Kazi zilipotea. Zilipotea hasa kule chini, katika hoteli, katika kumbi za miji midogo na katika sherehe za harusi. Msikilizaji anayehudhuria harusi hapa kwetu hahitaji kuambiwa: mahali palipokuwa na bendi nzima utamkuta kijana mmoja na kinanda chake, na mara nyingine hata huyo hayupo, ni spika tu.

Na ajabu ni kwamba Lowe alitoka katika muziki wa namna hiyo hiyo. Babu yake alikuwa mpuliza tromboni katika kundi la jazi na vichekesho lililoitwa The Nitwits. Lowe mwenyewe, alipokuwa kijana kwao Blackpool, mji wa starehe wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, alipuliza tromboni katika bendi ya watu saba iliyojiita One Under the Eight na kupiga nyimbo za kizamani. Mtu huyu ndiye aliyekuja kusimama kwa miaka 40 nyuma ya kinanda cha umeme, kofia usoni, miwani myeusi, bila kutikisika wala kutabasamu, kama mlinzi wa lango. Wakosoaji walisema hana anachokifanya pale. Mimi nadhani alikuwa akisema ukweli kuhusu mashine: usijifanye unatoka jasho ikiwa anayefanya kazi ni waya.

Mwaka 1988 ndipo mambo yalipogeuka. Katika albamu yao Introspective waliweka wimbo Left to My Own Devices, uliotayarishwa na Trevor Horn na kuzidi dakika nane. Juu ya mdundo wa disko wa mashine waliweka orkesta kubwa. Haikuwa fidla ya kwenye diski, bali orkesta yenyewe, na mtu wa kuipangia nota, Richard Niles. Wangeweza kabisa kufanya bila hiyo. Kinanda kilikuwapo, na kwa gharama ni kinanda kilichokuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Lakini kufikia hapo walikuwa wamekwisha kujua mpaka wa chombo chao. Emulator ilihifadhi mvuto mmoja wa uta, na kila mara ikatoa mvuto ule ule. Watu 30 wakivuta uta kwa pamoja hawafanani hata mara moja, na katika kutofautiana huko kidogo ndimo sikio linamosikia pumzi.

Miaka miwili baadaye ukaja Being Boring, wimbo ninaouweka juu ya nyingine zao zote ingawa Uingereza haukupita nafasi ya 20. Tennant aliuandika kumkumbuka rafiki wa ujana aliyekufa kwa UKIMWI. Mdundo ni wa mashine, laini, hauna kilio. Rika langu halihitaji kufafanuliwa wimbo huo. Ni miaka ile ile tuliyokuwa tukihudhuria mazishi ya watu tuliosoma nao, na huko Kagera maradhi hayo wakiyaita Juliana.

Nonetheless inaendelea kutoka hapo. Mtayarishaji wake ni James Ford, aliyekwisha kufanya kazi na Arctic Monkeys na Depeche Mode. Ina nyimbo kumi. Dancing Star unamhusu Rudolf Nureyev, mcheza baleti wa Urusi aliyewatoroka walinzi wake uwanja wa ndege wa Paris mwaka 1961. New London Boy ni wa kijana anayeingia London kutoka mkoani, kama Tennant alivyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Si kila wimbo umenikolea. Ule unaotania nyimbo za mapenzi za Kijerumani ni mzaha uliorefushwa. Lakini fidla zinapoingia zinaingia kwa kazi maalumu, zikibeba lile ambalo sauti kavu ya Tennant inakataa kulibeba.

Katika ziara yao ya Dreamworld, waliyoianza Mei 2022, mwanzoni mwa onyesho ni wao wawili tu mbele ya pazia, Lowe amesimama kama kawaida yake. Kisha pazia linafunguka, na nyuma yake kuna wapiga ngoma.