Jahazi la Nchi Kavu

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1885, wanakijiji waliokaa kando ya barabara ziendazo Uskoti kutoka kusini mwa Uingereza waliona ajabu ambayo wazee wao hawakuwahi kuwasimulia: gari refu la farasi, lililojengwa kwa mbao za mkangazi na kung'arishwa kama kabati la sebuleni, lenye madirisha na mapazia, jiko na rafu za vitabu, na ndani yake, badala ya watu wa sarakasi au Wajipsi ambao desturi yao ilikuwa kulala garini, ameketi tabibu mstaafu wa manowari za Malkia, kalamu mkononi, akiandika habari za safari yake. Tabibu huyo, Gordon Stables, alilipa gari lake jina la Wanderer, yaani Mzururaji, na hakuona haya kuliita jahazi la nchi kavu. Wala neno hilo halikumtoka kwa bahati nasibu, kwa kuwa ujana wake aliupitisha baharini, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuhudumu katika chombo kilichowinda majahazi ya watumwa katika pwani ya Msumbiji.

Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa takriban tani 2, likakokotwa na farasi wawili, na mtumishi mmoja akatangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu 3 ili awaonye wenye kuja upande wa pili penye kona na miteremko. Jioni ikiingia, Stables huomba ruhusa ya kulala katika konde la mkulima au uwanja wa nyumba ya wageni, na asubuhi hushika njia tena. Na kwa mwendo huo wa kobe akafika Inverness, safari ya takriban maili 1,300. Watu waliokaa garini kabla yake walikaa kwa kuwa nyumba hawakuwa nayo. Yeye alikuwa nayo, tena nzuri, akaiacha kwa hiari yake ili akaishi katika ndogo kuliko hiyo, akaona raha.

Waingereza huliita gari la namna hii karavani, neno lililotoka kwa Waajemi, na sisi watu wa pwani tukilisikia akili zetu hukimbilia Bagamoyo: kirangozi na bendera yake, wapagazi na pembe, marobota ya merikani, na njia ndefu ya Tabora na Ujiji. Msafara wetu ulikwenda kwa mabega ya watu, na nyumba zao ziliwangoja nyuma. Hakuna mpagazi aliyeuita starehe. Lakini merikani, kitambaa kile kilichofanya kazi ya fedha bara yote, kilifumwa Marekani, na ni Marekani hiyo hiyo ambayo baadaye iliichukua karavani ya Kiingereza, ikawafungua farasi na kuifunga nyuma ya motokaa.

Matajiri walitangulia, kama ilivyo ada yao. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha mjini New York motokaa yenye kiti kinachogeuka kitanda, na habari zake si nyingi za kutuchelewesha. Walioifanya safari hii kuwa mila ni watu wa kadiri, wenye Ford ya Model T na hema la turubali, ambao mwaka 1919 walikusanyika katika bustani ya De Soto, mjini Tampa katika jimbo la Florida, wakaunda chama wakajiita Watalii wa Makopo. Wako wasemao jina lilitokana na chakula chao, kwa kuwa walikula vya kopo asubuhi na jioni, na wako wasemao ni Ford zenyewe zilizofananishwa na kopo. Mwanachama alijulikana njiani kwa kopo tupu lililofungwa juu ya kifuniko cha rejeta yake. Matela yao waliyachonga wenyewe, kwa ekseli kuukuu na mbao za makasha, na hapakuwa na mawili yaliyofanana.

Biashara ya kiwanda, walakini, ilizaliwa na mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa bakteria wa Detroit, Arthur Sherman, alinunua tela la hema ambalo muuzaji aliahidi kwamba hutandazwa kwa dakika 5, akaichukua ahali yake kwenda matembezini. Usiku wa kwanza mbingu zilifunguka. Mtu aliyewahi kusimamisha hema gizani anaijua hali hiyo: turubali limelowa na limekuwa zito kama mzoga, vigingi havionekani, kamba ya huku ikivutwa ya kule hulegea, na watoto wamekaa ndani ya motokaa wakimwangalia baba yao kupitia kioo chenye ukungu. Dakika 5 zikapita, na nyingine nyingi. Sherman aliporudi kwao alikuwa amekwisha kata shauri kwamba hema halitakunjwa wala kukunjuliwa tena. Akamtafuta seremala, akamwagiza sanduku la kuta ngumu, lenye paa, mlango na vitanda, liwekwe juu ya magurudumu. Sanduku hilo likaitwa Covered Wagon, kwa kumbukumbu ya magari ya ng'ombe ya wahamiaji wa karne iliyotangulia, na majirani walipoliona wakalitaka. Kufikia 1936 kiwanda cha Sherman kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo nchini Marekani.

Huko California mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa sababu alikuwa mke. Wally Byam, mtu wa matangazo na magazeti, alipenda kulala nje; mkewe hakuwa na haja na safari isiyo na jiko. Basi Byam akajenga hema juu ya chesi ya Model T, mke hakuridhika. Akajenga banda lenye umbo la tone la maji, akatia na jiko dogo la mafuta, na hapo mambo yakatulia kidogo. Nadhani wanahistoria wa matela hawajampa bibi huyo haki yake. Hawley Bowlus, mtu aliyesimamia ujenzi wa ndege ambayo Lindbergh aliivukia Atlantiki, alikuwa ametoa mwaka 1934 tela la alumini lililopigwa ribiti kama bawa la ndege. Byam akaifuata njia hiyo, na mwaka 1936 akauza Airstream Clipper kwa dola 1,200, ikiwa na malazi ya watu 4, tangi la maji na taa za umeme. Bei hiyo ilitosha kununua motokaa mpya na chenji ikabaki, katika miaka ambayo mamilioni ya watu hawakuwa na kazi.

Na ukosefu huo wa kazi ndio ulioharibu jina la tela. Kwa tajiri lilikuwa starehe. Kwa aliyefukuzwa shambani au kiwandani lilikuwa nyumba pekee aliyobaki nayo, na wenyeji wa miji, walipomwona anaegesha mahali pasipolipiwa kodi, watoto wake wanaingia shule iliyojengwa kwa fedha za wengine, wakatunga sheria za kumfukuza. Roger Babson, mtu mashuhuri wa takwimu za biashara, alibashiri kwamba kabla ya miaka 20 kwisha nusu ya Wamarekani watakuwa wakiishi katika nyumba za magurudumu. Haikuwa. Wala barabara haikuwa ya wote: Mmarekani mweusi mwenye motokaa alisafiri na kitabu cha Victor Green, tarishi wa posta wa Harlem, kilichotolewa kuanzia 1936 kumwonyesha nyumba za wageni na vituo vya mafuta ambako hatatukanwa, na katika hifadhi ya Shenandoah, huko Virginia, aliwekewa kambi lake peke yake, Lewis Mountain, lililofunguliwa 1939, hata ubaguzi huo ulipoondolewa kidogo kidogo kufikia 1950. Uhuru wa njia ulioimbwa katika matangazo ya matela ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na bawabu.

Lakini nimekwenda mbali na tela lenyewe, na hasa na kile kipande cha chuma kinacholiunga na motokaa, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye kisa kizima. Hamali wa mkokoteni katika vichochoro vya Mombasa anaijua elimu hii bila kuisoma: shehena ikizidi nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni humnyanyua, ikizidi mbele, humlemea kifua. Tela ni vivyo hivyo. Sharti sehemu moja hivi katika kumi ya uzito wake ilalie kiungo, na mwenye kupakia maji, vyakula na masanduku yote huko nyuma, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi, atapata jawabu lake kwenye mteremko wa kwanza, tela litakapoanza kutikisa mkia, polepole kwanza kama mtu anayekataa, kisha kwa nguvu, likiivuta na motokaa huku na huku. Dereva akishtuka akakanyaga breki huuzidisha mtikisiko huo, kwani hujizuia yeye ilhali mzigo ulio nyuma bado una haraka. Waliozoea walikuwa na kigingi kidogo karibu na usukani, cha kufunga breki za tela peke yake, nalo likivutwa nyuma hunyooka kama mbwa aliyekazwa kamba.

Wa zamani hawakuwa na kigingi. Wengi walifunga tela kwenye bampa, kipande cha bati kilichotengenezwa kuzuia mikwaruzo, na bampa ikang'oka njiani na tela likaenda zake kondeni. Ndipo zikaja nyororo za usalama, tufe la chuma lililokazwa kwenye chesi yenyewe, na baada ya Vita Kuu ya Pili vyuma vya springi vilivyoubeba uzito wa nyuma na kuupeleka hadi magurudumu ya mbele, ili motokaa isitembee imeinua pua kama ngalawa iliyojaa tezini.

Joto nalo lilikuwa na mambo yake. Katika majangwa ya Arizona na Nevada, motokaa iliyokokota nyumba ilichemka mlimani; petroli iligeuka mvuke ndani ya mrija kabla haijafika kwenye kabureta, injini ikakohoa, ikazima. Dawa ya madereva ilikuwa vibanio vya nguo, vile vya mti, vilivyobanwa kwa safu juu ya mrija wa mafuta, vikisemwa kwamba hunyonya joto. Mafundi waliosoma waliicheka dawa hiyo. Madereva waliendelea kuibana, na baada ya kukaa kivulini nusu saa wakiipanga, injini, ambayo nayo ilikuwa imepumzika nusu saa, iliwaka. Na mbele ya rejeta walitundika kiriba cha turubali kilichojaa maji, kikitoka jasho na kupoa kwa upepo, kwa hekima ile ile inayoyapoza maji ya mtungi wetu wa udongo.

Vita ilipokuja alumini ilikwenda kwenye ndege, kiwanda cha Byam kikafungwa, na serikali ikanunua matela kwa maelfu iwalaze wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Baada ya 1945 watu walikuwa na fedha, barabara na likizo. Taabu za kukokota tela zikafika sinema kama mzaha: mwaka 1954 Lucille Ball na Desi Arnaz walicheza bwana na bibi harusi walionunua tela la futi 36, na bibi, kila waliposimama, akaokota mawe ya ukumbusho akayaficha ndani, hata ukaja mlima ambao motokaa iliupanda kwa taabu na hatari kwa uzito wa mawe hayo. Watazamaji waliokokota walicheka kwa uchungu.

Byam alifufua kazi yake, na tangu 1951 akaanza kuwaongoza wateja wake katika misafara, kwanza Meksiko na Amerika ya Kati, kisha kwingineko. Mwaka 1959 akawashusha Cape Town matela 41 na watu zaidi ya 100, wengi wao wazee waliostaafu, kwa nia ya kukokota nyumba zao hadi Kairo. Wakapanda kupitia Rhodesia na Kongo, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, wakatokea Uganda na Kenya, mikononi mwa Waingereza, wakapita Uhabeshi na Sudani. Matope yaliwazamisha, mawe yakavunja ekseli. Alumini iliyong'aa ikavaa vumbi la rangi ya kila nchi. Tela la Byam mwenyewe lilikuwa la rangi ya dhahabu. Njia za misafara, baada ya kukanyagwa na nyayo za wapagazi kwa karne nzima, zikapokea watu waliokuja na vitanda vyao, majiko yao na majokofu yao, wakafunga milango usiku wakalala Marekani. Mapema 1960, baada ya miezi zaidi ya 7, waliyapanga matela yao mchangani mbele ya piramidi za Giza. Byam alifariki 1962.

Mwaka huo huo, mjini Billings, katika jimbo la Montana, wenye kupita kwenda kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle walifunguliwa kambi kando ya mto Yellowstone, la kwanza katika yale ambayo baadaye yangetapakaa Marekani nzima kwa jina la KOA. Hapakuwa tena na haja ya kubisha hodi kwa mkulima. Kwa dola 1.75 kwa usiku, msafiri alipewa kiwanja chake, meza, mahali pa kukoka moto na maji ya moto ya kuoga, na hapo jirani palikuwa na duka dogo.