Dereva wa mashini nzito Butembo na Beni: hesabu ya siku na hesabu ya mwezi

Kwenye njia ya Butembo na Beni, mtu anayeongoza mashini nzito anaheshimika. Iwe katapila inayosukuma udongo, mashini ya kuchimba, ao ile inayonyanyua mizigo ambayo watu kumi hawawezi kusogeza, wapita njia wanasema: huyu iko na makuta. Lakini wengi wanalipwa kwa siku, na mwezi hauna siku za kazi zilizo sawa. Hapo ndipo shida inaanzia.

Kazi inatoka wapi

Kazi ya mashini inafuata barabara. Mwaka 2021, serikali za Kongo na Uganda zilipatana kutengeneza kilometa 223 za njia katika Kivu ya Kaskazini: 80 kati ya Kasindi na Beni, 54 kati ya Beni na Butembo, na 89 kati ya Bunagana na Goma kupitia Rutshuru. Kazi ilizinduliwa Desemba mwaka huo. Mbali na hiyo, kuna kazi za Office des Routes, machimbo ya mawe na ujenzi wa nyumba za ghorofa. Kwenye madepo ya Butembo, mizigo mingi ya kamyo ingali inashushwa kwa mabega ya watu.

Mashini inaweza kusimama juu ya mvua, juu ya mazuti iliyokosekana, kifaa kilichovunjika, ao usalama mbaya. Ikisimama, mtu wa kulipwa kwa siku anarudi nyumbani mikono mitupu.

Hesabu ya nyumbani

Chukua mfano wa dereva aliyepatana dola 20 kwa siku. Akifanya siku 26, anapata dola 520. Akifanya siku 10 tu, ni dola 200. Lakini mwenye nyumba haangalie mvua: kodi ni ya mwezi, mara nyingi kwa dola, na kabla ya kuingia anaomba garanti ya miezi kadhaa. Pesa za masomo ya watoto, makaa, unga wa bukari na maharagi nazo hazingojee mashini itengenezwe.

Bei pia zinafuata njia. Viazi na maharagi vinashuka kutoka Lubero, lakini mafuta na vitu vya dukani vinapitia Kasindi. Njia ikifungwa, bei inapanda soko la Beni na la Butembo. Na dereva anayefanya kazi mbali na kwake analisha majiko mawili: lake kwenye kazi, na la familia iliyobaki.

Sheria inasema nini

Amri ya serikali ya 2025 ilipandisha mshahara wa chini kutoka franka 7,075 mpaka 14,500 kwa siku, na kupanga 21,500 kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26, hii ya mwisho ni franka 559,000. Lakini hicho ni kiwango cha mtumishi asiye na ufundi. Anayejua kuongoza mashini ni fundi, sherti awe juu yake.

Sheria ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inaweka saa 45 kwa juma. Saa 6 za kwanza zinazozidi zinaongezewa 30%, zinazofuata 60%, na za siku ya mapumziko 100%. Kwa CNSS, patro anatoa 13% ya mshahara na mtumishi 5%. Kwa mtu wa mashini hii si kitu kidogo, sababu CNSS ndiyo inashughulikia ajali za kazini.

Jambo ambalo wengi hawajue ni la siku 22. Mtu aliyetumika kwa siku, akifikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, na patro akamchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha, sheria inamhesabu kuwa mtumishi wa kudumu, asiye na mwisho wa mkataba. Tena, kama hakuna karatasi ya mkataba, sheria inachukulia kwamba kazi ni ya kudumu mpaka patro aonyeshe kinyume. Na kama vita ao maafa vinasimamisha kazi kwa muda, mkataba unasimama, hauvunjike siku hiyohiyo.

Namna ya kujilinda

Shida ni ushuhuda. Patro akisema ulifanya siku 15, na wewe unasema 24, nani ataaminiwa? Dawa ni kaye ndogo: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mashini gani, na sahihi ya kiongozi wa kazi kila juma. Anayelipwa kwa simu asifute ujumbe wa malipo. Anayelipwa mkononi aombe karatasi ya mshahara, ni haki yake.

Kukiwa na ugomvi, mlango wa kwanza ni Inspection du Travail, ambako inspekta anaita pande zote mbili kupatana. Bila kupita hapo, korti ya kazi haipokee mashitaka ya mtumishi mmoja. Na mbele ya inspekta, kaye yenye sahihi inasema zaidi ya maneno.