Mganga Rivers na Ndoto za Askari

Mtu aliyepatwa na mambo ya kutisha akija kwetu na kusema kwamba usiku halali kwa sababu ya ndoto, jibu letu ni moja sikuzote: «Sahau, ndugu, mambo hayo yamepita.» Twasema hivyo kwa huruma. Tangu vita ya 1996 maneno hayo yamesemwa mara nyingi sana katika parokia zetu za mashariki ya Kongo. Wengine huongeza kwamba marehemu anadai kitu, au kwamba imani ya mwenye kuota ni haba. Habari ya imani haba tusiikubali hata kidogo. Yobu mwenye haki, katika sura ya 7 ya kitabu chake, amlalamikia Mungu kwamba hata kitandani hana raha, kwa ajili ya ndoto zinazomtisha. Nani atamhesabu Yobu kati ya watu wa imani haba?

Basi tusikilize habari za mganga mmoja Mwingereza, jina lake W. H. R. Rivers.

Katika vita kubwa ya 1914-1918 askari wa Ulaya walikaa miezi na miezi ndani ya mahandaki, mizinga ikinguruma juu yao. Wengi walirudi bila kidonda mwilini, lakini walitetemeka, wengine wakawa bubu, wengine wakaamka kila usiku wakipiga kelele. Mwaka 1915 mganga Charles Myers aliandika habari zao katika gazeti la waganga, The Lancet, na ugonjwa ukajulikana kama mshtuko wa makombora. Wakubwa wengi wa jeshi waliuita woga tu. Waingereza walipiga risasi askari wao wenyewe kwa kosa la kutoroka au la woga. 306 kati ya waliouawa hivyo walisamehewa na serikali mwaka 2006, walipokuwa wamekwisha kuwa mifupa.

Mwaka 1916, mwaka uleule ambao askari wa Force Publique kutoka kwetu waliingia Tabora (nao waliona mengi, na wapagazi wao zaidi), hospitali ya maofisa ilifunguliwa Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Baada ya vita nyumba hiyo ilichukuliwa na masista wa Moyo Mtakatifu, wakafundisha humo walimu wakatoliki. Hapo ndipo Rivers alipofanya kazi. Zamani alikuwa amesafiri mpaka visiwa vya mbali ili kujifunza desturi za watu, kwa hiyo alizoea kusikiliza kabla ya kusema.

Aliona nini? Aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa wamekwisha kupewa shauri lilelile letu: wasahau, wafikiri mambo mazuri. Mchana walijitahidi kwa nguvu zote kufukuza mawazo ya vita, na usiku mawazo hayo yalirudi yakiwa makali zaidi. Mwezi wa Desemba 1917 aliwaeleza waganga wenzake mjini London habari hizo, na mwaka 1918 zikachapwa.

Ofisa mmoja alikuwa amekwenda kumtafuta rafiki yake, akamkuta amepasuliwa na kombora, kichwa na viungo vimetengana na kiwiliwili. Tangu siku ile alimwona usiku katika hali ileile. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba mwili uliovunjika namna ile ni ushuhuda kuwa rafiki alikufa papo hapo, wala hakulala siku nyingi akiumwa na vidonda, kama wengi walivyokufa. Uso wa mgonjwa ukachangamka. Alikubali kumfikiri rafiki yake, na kufikiri mateso aliyoepushwa nayo. Usiku kadhaa zikapita bila ndoto yoyote. Halafu akaota tena: alimkuta rafiki palepale, mwili uleule, lakini hofu haikuwapo. Alipiga magoti kando yake, akakusanya vitu vyake vya thamani awapelekee jamaa zake. Aliamka na huzuni, basi. Twaona hapa tofauti kubwa: huzuni ni haki ya marehemu, hofu si haki yake.

Lakini Rivers hakuficha habari ya mwingine. Huyo alitupwa na kombora, uso wake ukaangukia tumbo la maiti ya Mdachi aliyekufa siku nyingi, likapasuka. Yaliyomwingia kinywani hatutayaeleza. Rivers alitafuta upande wowote wa faraja katika jambo hilo, asiuone. Alimshauri aache jeshi, arudi shambani, mahali alipopata nafuu kidogo hapo kwanza.

Rivers alikufa mwaka 1922. Mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam, waganga wa Marekani waliupa ugonjwa huo jina rasmi, ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walitoa habari za wanawake 168 wa New Mexico waliokuwa wamenajisiwa. Nusu hivi walifundishwa kuchagua ndoto moja mbaya, kuibadilisha wapendavyo wakiwa macho, na kuirudia hiyo mpya akilini kila siku. Ndoto zao zilipungua kuliko za wale waliokuwa wakingoja zamu.

Kuna dawa pia, prazosini, iliyotengenezwa kwa ajili ya shinikizo la damu. Mganga Murray Raskind wa Seattle aliwapa askari 10 wa Vietnam, akatangaza mwaka 2003 kwamba iliwasaidia. Kumbe mwaka 2018, ilipojaribiwa kwa askari 304, haikushinda kidonge kisicho na dawa. Waganga wengine wangali wakiitoa kwa mgonjwa wanayemwona anapata nafuu, nao huanza na kipimo kidogo, maana mwenye kuimeza aweza kuzimia akisimama ghafula.