Senesio Kubwa za Afrika Mashariki na Safari ya Majina Yake

Katika jamii ya alizeti, ambayo wengi wa ndugu zake ni magugu na maua, limo kundi dogo la mimea yenye umbo la mti, ambayo haioti kwingine isipokuwa katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na Kati, kuanzia ukingo wa juu wa msitu hadi zaidi ya mita 4,000. Hizi ndizo senesio kubwa. Shina lake hubaki limevikwa majani makavu yasiyodondoka, ambayo hulikinga na baridi ya usiku, na kila ncha hubeba kishada cha majani mapana kilichokaa mfano wa kabichi, ambacho jua likichwa hujikunja na kulifunika chipukizi la katikati. Chipukizi hilo likishatoa maua, ncha hairefuki tena bali huchipua matawi ubavuni, kiasi kwamba anayehesabu panda za mti mkongwe anaweza kukadiria umechanua mara ngapi.

Mwaka 1884 Harry Johnston alipelekwa Kilimanjaro na vyama vya kisayansi vya Uingereza kukusanya mimea na wanyama, na sampuli zake zilipofika katika bustani ya Kew, mwanabotania Daniel Oliver aliuita mmoja wa mimea hiyo Senecio johnstonii. Desturi ya kumtukuza mkusanyaji kwa namna hiyo ilikuwa ya kawaida, lakini ilisahau, pengine kwa urahisi mno, kwamba misafara ya zama hizo ilibebwa vichwani na wapagazi. Mjerumani Hans Meyer alipofika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, aliyebaki kulinda kambi ya juu katika baridi kali alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani, naye hakuna mmea wa mlimani unaojulikana kwa jina lake.

Kutoka Mlima Kenya, ambako J. W. Gregory alifika mwaka 1893, ilipatikana Senecio keniensis, na baada ya msafara wa ndugu wawili wa Kiswidi wa ukoo wa Fries, mwaka 1921 na 1922, ikaongezwa Senecio keniodendron. Kadiri milima ilivyopandwa, ndivyo majina yalivyozidi, kwa kuwa kila kilele kilionekana kuwa na mmea wake, mithili ya visiwa vilivyotenganishwa na bahari ya nyanda zenye joto ambako mimea hiyo haiwezi kuishi.

Swali likawa moja: je, ni spishi nyingi, yaani aina zilizo mbali kwa asili, au ni mmea mmoja uliobadilika kidogo kila mahali? Olov Hedberg, Mswidi aliyezunguka milima hiyo mwaka 1948, alitoa uchambuzi mpana mwaka 1957. Mwaka 1973 D. J. Mabberley alishika upande wa umoja, akaziweka nyingi chini ya Senecio johnstonii kama nususpishi, yaani migawanyo ya spishi moja, na hivyo jina la Johnston likavuka Kilimanjaro na kuitawala hata milima ambayo mwenyewe hakuipanda. Miaka mitano baadaye Bertil Nordenstam aliitenga mimea hii katika jenasi yake, Dendrosenecio, neno ambalo sehemu yake ya mwanzo ni la Kigiriki lenye maana ya mti.

Eric Knox na Jeffrey Palmer walipolinganisha vinasaba vya kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli za majani, walihitimisha mwaka 1995 kwamba mababu wa kundi hili walianzia Kilimanjaro yapata miaka milioni moja iliyopita, kisha wakaenea mlima hadi mlima. Nususpishi nyingi zikarudishiwa hadhi ya spishi, na Dendrosenecio johnstonii ikabaki jina la mmea wa Kilimanjaro pekee.