Kupaka fremu za madirisha mafuta ya linsidi

Fremu ya mbao huanza kuoza chini, maji ya mvua yanapotuama, na kwenye ncha zilizokatwa. Hapo tunashauri upake zaidi. Mbao ziwe kavu, zipigwe msasa kwanza. Linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, yapake kidogo kidogo, subiri dakika 20, kisha futa yanayobaki. Ukiyaacha yatanata na kushika vumbi. Mafuta ya nazi au mawese hayafai, kwa kuwa hayakauki.

Linsidi hukauka kwa kushika hewa, na hapo hutoa joto. Tambara lililolowa, likikunjwa na kutupwa kona ya stoo, laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje, mbali na nyumba, au litose kwenye ndoo ya maji.